Je, wajua kwa nini faili la meza ya pili hukwama mkongo wa baharini ukikatika?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kesho yake asubuhi nikaitwa kwenye ofisi ya wapima ardhi hapa Dar es Salaam. Kompyuta zote zimekufa, walisema.

Kompyuta zilikuwa nzima. Taa za swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, zilipepesa kijani kama siku zote, na printa ilikuwa inasubiri kazi. Mama anayesimamia ofisi alikuwa na mteja mlangoni anayetaka ramani ya kiwanja chake.

"Fundi, ramani hiyo kijana wangu aliichora Ijumaa pale," akaniambia, akionyesha meza iliyo hatua tatu kutoka alipoketi. "Sasa imekwenda wapi?"

"Iko Ulaya, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Intraneti yao, yaani mtandao wa ndani wenye mafaili, fomu za likizo, matangazo na namba za simu za wafanyakazi, ilikuwa imehamishiwa winguni yote. Wingu ni seva za kampuni nyingine, kwenye jengo lililo mbali. Kompyuta mbili zinazotumia swichi moja zilishindwa kupeana faili kwa sababu kila ombi lilitakiwa livuke bahari, lijibiwe, kisha lirudi.

Hapo ndipo watu huanza kuuliza kuhusu mseto: sehemu ya intraneti ikae kwenye seva ya ofisini, sehemu ikae winguni. Unamfaa nani?

Mimi huanza na swali moja: kazi gani haiwezi kusubiri intaneti ikipotea siku nzima? Fomu ya likizo inasubiri. Ramani ya mteja aliyesimama mlangoni haisubiri, wala picha ya CT ya mgonjwa aliye kitandani.

Halafu napiga hesabu ya uzito. Picha za droni za shamba moja hufika gigabaiti kadhaa kwa urahisi. Gigabaiti moja (baiti ni biti nane), kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua zaidi ya dakika 13 hata mambo yakienda vizuri. Faili hilohilo likipita kwenye waya wa ofisini wa gigabiti moja, ni kama sekunde 10. Ofisi inayofungua mafaili ya namna hiyo mara ishirini kwa siku inapoteza saa nyingi za watu, mkongo ukiwa mzima kabisa.

Lakini seva ya ofisini nayo ni mzigo, na wauzaji wengi hawausemi. Inataka umeme, betri, kiyoyozi na mtu wa kuiwekea masasisho. Julai 2025 Microsoft ilitangaza kwamba wahalifu wanavamia seva za SharePoint, programu yake ya intraneti na mafaili, zilizosimikwa kwenye ofisi za wateja. SharePoint ya winguni haikuguswa na udhaifu huo. Kama huna mtu mwenye muda wa kazi hiyo, hiyo seva ni mlango ulioachwa wazi. Wingu nalo huungua: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja. Nakala ya akiba lazima ikae jengo jingine, wingu au si wingu.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Hospitali, shule na saccos ziulize hilo kabla ya kuhamisha chochote.

Sasa mtego wenyewe, ambao nimeuona ukiangusha watu wenye vifaa vizuri tu. Unanunua seva, unaweka mafaili ofisini, intaneti inakatika, na bado hakuna anayeingia. Kwa nini? Kwa sababu anayethibitisha nenosiri bado yuko winguni. Mali iko ndani, funguo ziko ng'ambo. Na ukipanga kinyume, wingu likawa linaiuliza seva ya ofisini kila nenosiri, basi umeme ukikatika Kariakoo hata mfanyakazi aliye Mwanza na intaneti nzuri anafungiwa nje. Mseto wa namna hiyo umebeba udhaifu wa pande zote mbili. Unaofaa una orodha ya watumiaji pande zote, na kila upande unaweza kuthibitisha peke yake. Hata majina ya seva za ndani, ambayo kompyuta huyatumia kujua seva iko wapi, yatafutwe ndani, yasiulizwe nje.

Ofisi ya watu watano wanaoandika barua pepe na kujaza fomu haihitaji haya yote. Nitawaambia wabaki winguni, walipie laini ya pili ya kampuni nyingine, na waulize kama laini hizo mbili hazipiti mkongo mmoja.

Wale wapima ardhi tuliwafungia seva ndogo kwa ajili ya ramani na picha za droni. Fomu na matangazo yakabaki winguni, na kila usiku nakala ya ramani hupanda huko. Jumamosi ya kwanza nikachomoa waya wa intaneti kwa makusudi. Hakuna aliyeingia: funguo zilikuwa bado ng'ambo. Tulirekebisha wiki nzima. Jumamosi ya pili nilisimama karibu na ruta, waya mkononi. Mama akaandika nenosiri lake, akafungua ramani ya kiwanja, akabonyeza chapisha. Nilisikia printa ikivuta karatasi.