Uso umetulia, mwili unafukuta

Dhana: Anayefoka ndiye mwenye msongo, aliyenyamaza yuko shwari.

Ukweli: Uso ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mwaka 1979 watafiti Weinberger, Schwartz na Davidson waliwapima watu waliodai hawana wasiwasi, huku wakiwa na mazoea ya kujikinga na hisia zao. Mapigo ya moyo, ngozi na misuli ya paji la uso vilisema mengine: miili yao ilihangaika kuliko ya watu waliotulia kweli. Mwenzako akikujibu "niko sawa", usiondoke haraka.

Dhana: Kinachouchosha mwili ni kazi; watu hawahusiki.

Ukweli: Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walieleza jaribio linalotumika hadi leo: unahutubia, kisha unafanya hesabu za kutoa kwa kichwa, mbele ya watu wanaokukodolea macho bila tabasamu. Hakuna anayekugusa, lakini kotisoli, homoni ya msongo itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo, hupanda kwa wengi. Dickerson na Kemeny walipopitia tafiti 208 mwaka 2004 waliona hupanda zaidi mambo mawili yakikutana: unapimwa na wenzako, na matokeo hayamo mikononi mwako. Adrenalini, homoni nyingine ya msongo, huja ndani ya sekunde. Kotisoli hufika kileleni dakika 20 hadi 30 tangu kishindo kianze. Ndiyo maana mtu hutoka kwenye usaili mfupi akidhani yamekwisha, kumbe mwilini ndiyo kwanza yamepamba moto.

Dhana: Mwenye haraka na bidii ataugua moyo tu.

Ukweli: Wazo hili lilienezwa na Friedman na Rosenman, madaktari wa moyo wa San Francisco, tangu miaka ya 1950. Tafiti nyingi za baadaye hazikuliunga mkono. Kilichobaki na uzito ni uhasama, ile tabia ya kuwashuku na kuwakasirikia watu.

Dhana: Ukiwa na mwenza, umekingwa.

Ukweli: Mwenza gani? Mwaka 2006 Coan na wenzake waliwapiga picha za ubongo wanawake 16 walioolewa, wakisubiri shoti ya umeme. Walipoushika mkono wa mume, ubongo ulitulia, na ulitulia zaidi kwa wenye ndoa nzuri. Lakini mwaka 2005 Kiecolt-Glaser na wenzake waliwatia wanandoa 42 vidonda vidogo mkononi, wakafuatilia namna walivyozungumza. Wale wenye uhasama mwingi, vidonda vyao vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wale waliosemezana kwa upole.