Je, Desemba pwani ya Uhispania haina baridi?

Wageni wengi wanaohamia Málaga au Alicante huamini kwamba Krismasi ya huko ni ya kaptula na kuogelea. Si ajabu, maana zile picha za jua la Desemba ni za kweli. Mchana wa Januari, Málaga hufika nyuzi 17 hivi. Usiku hushuka hadi 7 au 8, na bahari huwa kama nyuzi 15. Kwa aliyezoea maji ya Mombasa, hiyo ni barafu tupu.

Baridi inayowashangaza zaidi iko ndani ya nyumba. Nyumba nyingi, hasa za zamani, zilijengwa kukimbia joto la Agosti: sakafu ya vigae, kuta zisizozuia baridi, na mara nyingi hakuna mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Saa nane mchana unaota jua kibarazani, jioni umejikunyata sebuleni na koti.

Ukitazama wastani wa hali ya hewa wa kila mwezi, soma na kiwango cha chini. Muulize mwenye nyumba chumba cha kulala kinapashwa joto kwa kifaa gani. Galicia, kaskazini-magharibi, ni habari nyingine: Desemba huko ni mvua.