Je, wajua? Gari linalotulia kwenye kona si lazima liwe gumu

Gari likilala sana kwenye kona, ushauri wa kwanza kijiweni ni kuligumisha: weka springi ngumu, au kata mzunguko mmoja wa springi lishuke chini. Wengi wetu tuliamini hivyo kwa miaka, kwamba utulivu na ulaini vimekaa kwenye mizani moja, kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Kwa springi peke yake kuna ukweli ndani yake. Kwa gari zima, hapana.

Ukiwa na springi ya mizunguko 6 inayofanya kazi na ukakata 1, iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20 hivi. Ugumu huo si wa kutisha. Kinachoumiza ni nafasi iliyopotea: gari lililoshuka milimita 40 limepunguza milimita 40 za gurudumu kupanda kabla shokapu haijagota kwenye mpira wake wa kikomo. Ule mshindo unaopanda hadi kiunoni mara nyingi unatokana na kugota huko, wala si springi. Shokapu ikigota katikati ya kona, upande ule unakuwa mgumu ghafla kama jiwe, na tairi linapoteza mshiko wakati unapouhitaji zaidi.

Lenye kushangaza zaidi ni kwamba kushusha gari kunaweza kulifanya litake kulala zaidi. Corolla, Fielder, Premio na magari mengi ya namna hiyo yana mfumo wa MacPherson mbele, ulioitwa kwa jina la mhandisi wa Marekani Earle MacPherson: shokapu na springi zimesimama pamoja, na chini kuna mkono mmoja unaoshika gurudumu. Bodi inapolala huzunguka kwenye nukta isiyoonekana, na nukta hiyo hupangwa na mwinamo wa ule mkono. Ukilishusha gari, mkono unalala bapa au hata kuinukia upande wa gurudumu, na nukta ile inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Umbali kati ya kitovu hicho na nukta unarefuka. Mtu anayetaka kuangusha nguzo huisukuma juu, hasukumi shinani. Urefu ndio unaompa nguvu, na kona inafanya vivyo hivyo kwa bodi. Milimita 15 au 20 kwa kawaida hazina madhara makubwa, ingawa kipimo hutofautiana kwa kila modeli. Zaidi ya hapo, sehemu ya ugumu unaoongeza inalipia tu kile ulichoharibu.

Spesa za kuinua gari nazo zina gharama yake: kitovu cha uzito kinapanda juu, na mkono unainama kupita pembe ambayo boljointi (kiungio cha mkono na gurudumu) na ekseli za mbele zilitengenezewa.

Ufumbuzi uko kwenye shokapu, na umejificha kwenye kasi. Gari linapolala kwenye kona, au linapoinamisha pua kwa breki, fimbo ya shokapu husogea polepole, sentimita chache tu kwa sekunde. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, fimbo hiyo hiyo inaweza kupita mita 1 kwa sekunde. Kona na shimo havisemi na shokapu kwa sauti moja, na shokapu nzuri inavitofautisha.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji. Ukisukuma taratibu, maji yanatoka bila ubishi. Ukilipiga kwa kiganja, linakataa. Tundu lisilobadilika huwa hivyo: ukizidisha kasi mara 10, ukinzani unakaribia kuzidi mara 100. Shokapu ya tundu tupu ingekuwa laini kwenye kona na ngumu kwenye shimo, kinyume kabisa cha tunachotaka.

Kwa hiyo ndani ya pistoni huwekwa visahani vyembamba vya chuma vinavyofunika njia za mafuta. Fikiria kifuniko cha sufuria ya uji jikoni. Mvuke ukiwa kidogo, kifuniko kimetulia. Ukizidi, kinajiinua chenyewe, kinaupitisha, kisha kinakaa tena. Visahani navyo hubana mafuta wakati wa mwendo wa polepole, na bodi inashikwa isilale haraka. Shimo likija, shinikizo linavikunja, mafuta yanapita, na gurudumu linapanda bila kuinua mgongo wa abiria. Ubora wa shokapu uko hapo, kwenye unene na mpangilio wa visahani ambavyo hutaviona kamwe. Kwenye kona ndefu, shokapu haipunguzi kiasi ambacho gari litalala mwishowe. Hiyo ni kazi ya springi na stabilaiza, fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli moja. Inachoamua ni jinsi linavyoingia kwenye kulala huko na linavyotoka, na dereva huhisi hilo kwanza.

Ukinzani wa shokapu inaporefuka kurudi huwa mkubwa kuliko inapobonyea, mara nyingi mara 2 hadi 3, kwa sababu ndio unaoituliza springi. Ukizidishwa, kwenye rasta au barabara ya vumbi yenye mikunjo gurudumu haliwahi kurudi kabla ya tuta linalofuata. Gari linazama kidogo kidogo hadi kwenye mipira ya kikomo, na lawama inaangukia springi isiyo na kosa.

Anza basi na vilivyochoka. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kisha bushi (mipira ya kwenye viungio vya mikono), linki za stabilaiza na boljointi. Bolti za bushi za mkono zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda kila siku na unapasuka mapema sana.

Shokapu zibadilishwe jozi kwa jozi, pamoja na mipira ya kikomo na vikombe vya juu vinavyoishikilia kwenye bodi. Shokapu ya mirija miwili iliyolazwa dukani isimamishwe wima na kupampiwa mara 4 au 5 kabla ya kufungwa, hewa iondoke kwenye mafuta. Fimbo yake isishikwe kwa koleo hata kidogo. Mkwaruzo mmoja unakata sili, na mafuta yanavuja. Jaribio la kubonyeza kona ya gari kwa mikono linaonyesha shokapu iliyokufa kabisa tu. Mkono wako ni mwendo wa polepole, kwa hiyo halisemi lolote kuhusu mashimo.

Ukitaka springi mpya, ongeza asilimia 10 hadi 20 ya ugumu, si zaidi, na uzioanishe na shokapu. Kama kulala bado kunakusumbua, stabilaiza hutoa faida kubwa kwa milimita chache, kwa sababu ugumu wake hukua kwa kipeo cha 4 cha kipenyo: kutoka milimita 22 hadi 24 ni ongezeko la asilimia 42 hivi. Magurudumu mawili ya ekseli moja yakipanda tuta pamoja, stabilaiza haiongezi ugumu. Shimo la upande mmoja italihisi. Ukiikaza nyuma kupita kiasi kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mkia utateleza siku ya mvua.

Rimu nazo ziangaliwe. Tairi la 195/65 R15 lina ukuta wa milimita 127 hivi. La 225/40 R18, lenye kimo karibu sawa, lina 90. Hizo milimita 37 ni springi ya mpira uliyoitupa. Kazi yote ikiisha, peleka gari kwenye alaimenti, maana kufungua bolti mbili za chini ya shokapu kunatosha kubadilisha mwinamo wa gurudumu.