Bond si kuachiliwa huru

Kuna ile mesej haiishi kwa magrupu ya estate huku Nairobi, eti mawakili wa utetezi wanasukuma serikali ibadilishe sheria ndio mwizi akishikwa asubuhi, jioni yuko nje. Hasira naielewa, uibiwe simu steji halafu wiki ijayo umuone jamaa hapo hapo anakula smoki na kachumbari, inauma bana.

Lakini hakuna sheria mpya hapo. Fungua Katiba ya 2010 kifungu cha 49: aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24 (ukishikwa Ijumaa jioni basi ni Jumatatu) na apewe bond (dhamana ya kukaa nje kesi ikiendelea) yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Cha 50 kinasema hana hatia mpaka ithibitishwe. Wakili akiandikia bunge kudai hayo yafuatwe hatetei wizi, na hata wewe unaruhusiwa kupeleka ombi bungeni, soma cha 119.

Kinachochanganya watu ni pesa. Wanaona mtu ametoa 20,000 kortini ndio atoke wanadhani amenunua kesi, kumbe ile risiti ni ya amana tu, akihudhuria mpaka kesi iishe anarudishiwa pesa yake, akihepa pesa inapotea na waranti ya kumshika inatoka. Ukiwa na shaka nenda rejista ya korti na namba ya kesi, uliza inatajwa lini. Na hiyo mesej ikikufikia tena tafadhali usiiforward, ifie kwa simu yako.