Kutagi papa maana yake nini, na kwa nini inataka timu nzima

Watu wengi hapa Nairobi wakisikia mtafiti ameenda baharini kutagi papa wanafikiria ni ile ya kwenye TV, jamaa mmoja jasiri anamrukia samaki, anambandika kamtambo, alafu anarudi kukaa kwa laptop akiangalia kadoti kanatembea kwa ramani. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya hii kazi. Kutagi ni kumshika mnyama, kumpa alama ambayo ni yake peke yake, kuandika kila kitu kumhusu, kumwachilia akiwa hai, alafu kungoja aonekane tena. Hapo kwa kuonekana tena ndo watu husahau, na bila hapo umemtoboa samaki bure. KWS, shirika la serikali la wanyamapori hapa Kenya, hufanya kazi ya aina hiyo na vifaru wetu, wanawakata alama kwa masikio ndo ranger akimwona mmoja kwa umbali ajue ni nani, ila kifaru unaweza kumfuata na Land Cruiser, papa ukishamwachilia ameenda.

Sasa kwa nini mtu ajisumbue? Sababu ya kwanza ni kuhesabu. Tuseme unataka kujua matatu ngapi zinafanya kazi Nairobi na huna rekodi yoyote. Leo unasimama barabarani unazipiga chaki 100, kesho unarudi unaangalia 100 zinazopita, unakuta 10 ziko na chaki. Basi zile za jana ni kama sehemu ya kumi ya zote, yaani zote ni kama 1,000. Lakini mvua ikinyesha usiku chaki ioshwe, utadhani matatu ni nyingi kuliko zilivyo, na kama ulipiga chaki za Rongai pekee alafu ukaenda kuhesabia Githurai, hapo umejidanganya kabisa. Papa ni hivyo hivyo: tagi hutoka, wengine wanakufa, wengine wanahama, kwa hivyo hesabu inabidi irekebishwe na watu wa takwimu wanaojua hizo shida.

Sababu ingine ni safari zao, na hapo ndo mitambo inaingia. Kuna tagi ya plastiki yenye namba tu, inachomekwa karibu na pezi la mgongoni. Kuna kachipu ka milimita 12 hivi kanakoingia chini ya ngozi, unakasoma na skana. Kuna ya sauti, inalia chini ya maji na kusikika na vipokezi vilivyofungwa baharini, lakini mara nyingi lazima mtu apige mbizi akavitoe ndo data ipatikane (hiyo kazi haina sifa yoyote na hakuna anayeipiga picha). Alafu kuna ya setelaiti ambayo wengi ndo wanaijua. Mawimbi ya redio hayapiti vizuri kwa maji ya chumvi, kwa hivyo ile inayofungwa kwa pezi inatuma tu pezi likitokeza juu, na papa asiyependa kuja juu anawekewa ingine inayojitoa mwilini yenyewe baada ya muda, inaelea na kutuma ilichorekodi. Papa mweupe mmoja wa kike, Nicole, aliwekewa hiyo Afrika Kusini mwaka 2003, tagi ikaibukia Australia, na mwaka uliofuata akaonekana tena kulekule Afrika Kusini, safari ya zaidi ya kilomita 20,000 kwenda na kurudi. Kitu napenda hapo ni kwamba kurudi kwake hakukuonyeshwa na mtambo, ni watu waliomtambua kwa picha, kwa mikato ya pezi lake.

Twende kwa boti sasa, kwa sababu huko ndo timu inaonekana. Papa ameshikwa na ndoana, amevutwa ubavuni mwa boti, bado yuko majini. Nahodha anashughulika na upepo, mkondo na propela isikaribie mkia wala mkono wa mtu. Mmoja yuko upande wa kichwa, mwingine amezungushia mkia kamba, na hao wawili wasipoelewana wote wanaumia. Aina nyingi za papa ukiwageuza tumbo juu wanalegea kabisa kama wamelala, na hapo ndo unapata nafasi ya kufanya kazi bila vita. Mmoja anapima, mmoja anatagi na kukata kipande kidogo cha pezi kwa ajili ya DNA, na kuna anayeandika na penseli, juu kalamu ya wino kwa karatasi iliyoloa ni kupoteza wakati.

Huyo wa penseli ndo mimi namwona muhimu kuliko wote. Urefu wa papa unapimwa zaidi ya mara moja, kutoka pua hadi panda ya mkia, alafu hadi ncha ya mkia. Anayepima anaita namba, anayeandika anairudia kwa sauti, mpimaji anaitikia. Inaonekana ni kama mchezo wa watoto lakini namba moja ikiingia safu isiyo yake, baada ya miaka mitano papa yuleyule akishikwa itaonekana amepungua urefu, na hakuna mtu atakayekumbuka nani alikosea wapi. Pia yeye ndo mara nyingi anaangalia saa, kwa sababu wale wengine wamezama kwa kazi na papa kila dakika anachoka zaidi.

Mfano mzuri ni Bimini, Bahamas, ambako Samuel Gruber alianzisha kituo cha utafiti mwaka 1990. Usiku wanatega nyavu mahali pa kina kifupi, wanazikagua kila robo saa hivi, na watoto wa papa wa kimanjano, Negaprion brevirostris, wanapimwa, wanachukuliwa DNA, wanawekewa kachipu, wanaachiliwa. Mwaka 2014 ikachapishwa kwamba majike waliozaliwa hapo kati ya 1993 na 1997 walirudi kuzalia palepale miaka 14 hadi 17 baadaye. Fikiria wanafunzi na volontia wangapi walipita hapo katikati, wengi walishaenda kufanya mambo mengine kabisa, lakini karatasi zao zilisomeka.

Kwetu hali ni ngumu. Utafiti mkubwa wa kamera zenye chambo uliotoka 2020 ulipita miamba 371 katika nchi 58, na Kenya ikawa kwa kundi la nchi na maeneo 6 ambayo yote pamoja, video ya zaidi ya masaa 800, walionekana papa 3. Wakiwa wachache hivyo, kumshika yuleyule mara ya pili ni bahati, na mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa wa kushika papa, ana nafasi kubwa ya kumwona kuliko mtafiti yeyote. Papa shilingi (whale shark) yeye ana afadhali, madoadoa yake hayafanani na ya mwingine, kwa hivyo mtalii aliyempiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, tayari amesaidia bila kumgusa.

Huku Nairobi papa hutufikia akiwa vipande au mkavu, mapezi yalishatolewa kitambo, kwa hivyo tagi itaonekana ufukweni kwanza. Ukiwa na ndugu mvuvi huko Pwani mwambie akiikuta asiitupe: aandike namba, tarehe, mahali na urefu wa papa kabla hajakatwa, apeleke kwa BMU yao, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ama KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi.