Kuchuja si kutakasa

"Hiki kinaua kila kitu." Nimeisikia tena juzi, kwa mtu anayepanga mzigo wa siku kumi porini, mkononi kashika kichujio kidogo kama tochi. Hakiui kitu, ndugu yangu. Tangu kitoke kiwandani hakijaua hata bakteria mmoja.

Kuchuja maji ni kuyapitisha kwenye vitundu vinavyozuia chochote kilicho kikubwa kuliko vitundu hivyo. Kutakasa ni kuhakikisha bakteria, vimelea na virusi, vyote vitatu, vimeondolewa au kuuawa hadi maji yasimdhuru mnywaji. Fasili ni hiyo tu.

Kinachoniudhi ni "safi" kubebeshwa mzigo wa maneno mawili. Neno hilo tumelitoa Kiarabuni, na maana yake ni kilicho angavu, kisichochanganyika na kitu. Ni sifa ambayo jicho linaweza kuithibitisha. Ndiyo maana tunasema "maji safi na salama". Ile "na" haikuwekwa kupamba sentensi. Kutakasa limetokana na kutakata, ukoo mmoja na takatifu, kwa hiyo ni neno zito, halifai kutupwa ovyo. Kuchuja nako hakujawahi kuahidi makubwa hayo. Waombaji kazi wanaoachwa kwenye mchujo hawafi. Wanabaki nje ya mlango, wazima wa afya. Bakteria wa kichujio chako nao wako hivyo hivyo, hai, upande mchafu. Ukikamua mfuko wa maji ya mtoni ili yapite kwenye kichujio, tone moja likateleza ubavuni hadi mdomoni mwa chupa unayonywea, wameshaingia bila kupita kwenye mchujo.

Halafu kuna suala la ukubwa. Vichujio vingi vya safari vina vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2, na mikroni ni sehemu moja ya 1,000 ya milimita. Kimelea Giardia ana mikroni kama 10, mwenzake Cryptosporidium kama 5, na bakteria wanaoharisha watu hawapenyi kirahisi. Lakini virusi vya aina ya noro vina kama 0.03. Hivyo hupita kama mbu kwenye wavu wa samaki, na maji yanatoka yakimeremeta. Marekani walishaona haja ya kutenganisha majina haya: mwongozo wa shirika lao la mazingira, EPA, wa 1987, unataka kifaa kinachoitwa kitakasa maji kipunguze bakteria kwa asilimia 99.9999, virusi 99.99 na vimelea 99.9. Kwa hiyo ukinunua, usiishie kwenye picha ya mlima iliyo kwenye boksi. Tafuta neno "virusi". Kama halipo, umeshika kichujio.

Simaanishi kichujio ni kifaa duni. Kwenye vijito vya juu, mbali na makazi na kambi, kwa kawaida kinatosha, maana virusi vinavyotuumiza huletwa majini hasa na kinyesi cha binadamu. Ukiteremka chini ya vijiji au kambi zenye watu wengi, ongeza vidonge vya klorini. Na usivitegemee peke yake: klorini inamaliza virusi lakini Cryptosporidium haimbabaishi, ilhali kichujio kinamkamata huyo na kuviachia virusi. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Kuchemsha kunamaliza wote watatu: dakika moja ya kutokota, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000, ila gesi utaibeba mwenyewe mgongoni.

Jambo jingine, na hili hawalisemi dukani: kichujio cha nyuzi, yaani virija vyembamba vyenye vile vitundu, kikishalowa, kisha kikaganda kwa baridi usiku, nyuzi zinaweza kupasuka kwa ndani. Nje huoni kitu. Maji yanaendelea kupita, nawe unaendelea kuamini. Lala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, la sivyo asubuhi unaweza kuwa umebaki na mrija tu.

Basi jioni kambini ukinipa kikombe, usiniambie "kunywa, nimeyatakasa". Niambie "nimeyachuja". Nitashukuru, nitatia kidonge, na tutaendelea na mazungumzo huku tukisubiri.