Leza za kuchapia chipu: uvumi wa soko na ukweli wa mashine

Dhana: ASML ilipoinunua Cymer, Gigaphoton ilifungiwa mlango.

Tetesi hizi zilizuka Oktoba 2012, ASML ya Uholanzi, inayotengeneza skana (mashine zinazochapa saketi za chipu kwa mwanga), ilipotangaza kuinunua Cymer ya San Diego, Marekani, inayotengeneza leza za mashine hizo. Ununuzi ulikamilika Mei 2013. Hofu ilikuwa na msingi: mtengenezaji mkubwa wa skana akiwa na kiwanda chake cha leza, mshindani kama Gigaphoton atamuuzia nani? Lakini shabaha kuu ya ASML ilikuwa kuharakisha chanzo cha mwanga wa EUV, yaani urujuanimno wa mawimbi mafupi mno, nanomita 13.5. Gigaphoton ya Oyama, Japani, iliyoanzishwa 2000 na Komatsu pamoja na Ushio, na tangu 2011 mali ya Komatsu peke yake, bado inauza leza zake, na zinafungwa hata kwenye skana za ASML. Wenye viwanda vya chipu hawapendi kumtegemea muuzaji mmoja.

Dhana: TRUMPF imemnyang'anya Cymer soko la EUV.

Hao hawagombani, kazi ya mmoja inaingia ndani ya kazi ya mwingine. Leza ya kaboni dayoksaidi ya TRUMPF, kampuni ya Ujerumani, haitoi mwanga huo wa nanomita 13.5. Inatoa mwanga wa mikromita 10.6, unaopiga matone ya bati 50,000 kila sekunde. Mpigo wa kwanza unalibapaza tone, wa pili unaligeuza kuwa plazma, yaani gesi ya moto mno yenye chembe za umeme, na plazma hiyo ndiyo inayotoa EUV. Chombo cha plazma, chenye kioo cha kukusanya mwanga ndani yake, ni kazi ya Cymer. Bati likiganda kwenye kioo mwanga unafifia, ndiyo maana hidrojeni hupitishwa humo muda wote.

Dhana: mwenye wati nyingi ndiye mshindi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Leza ya eksima (inayotoa mwanga kutokana na gesi zinazoungana kwa muda mfupi), ya argoni na florini, yenye mwanga wa nanomita 193, ikipiga mara 6,000 kwa sekunde, kila mpigo milijuli 10, inatoa wati 60. Hesabu hiyo ni rahisi. Kigumu ni kubana upana wa rangi ya mwanga hadi chini ya pikomita moja (sehemu ya elfu ya nanomita), kwa prizma na greti (bamba lenye mistari midogo linalotenganisha rangi za mwanga), na kuulinda usibadilike. Upana ukizidi, lenzi za skana haziwezi kuikutanisha miale yote mahali pamoja, na mistari ya saketi inachapika ikiwa na ukungu.

Halafu kuna uchakavu. Florini hula chuma cha elektrodi na kuta za chemba, yaani chombo chenye gesi ya leza, kwa hiyo hupungua huku uchafu ukiongezeka. Leza hupandisha volteji ili nishati ya mpigo isishuke. Volteji ikikaribia kikomo, florini huongezwa kidogo kidogo. Isipotosha, gesi yote hubadilishwa. Kubadilisha gesi kusiposaidia tena, chemba imefika mwisho wake. Ikipiga bila kupumzika, leza hiyo hufikisha mipigo milioni 518 kwa siku, basi mnunuzi makini huuliza gharama ya kila mipigo bilioni moja, na saa ambazo skana itasimama fundi akibadilisha chemba.

Dhana: bila neoni ya Ukraine, leza zote zinazimika.

Neoni haitoi mwanga huo, ingawa ni zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyomo kwenye chemba. Hupokea na kupitisha nishati ili argoni na florini ziungane kwa muda mfupi mno na kuangaza. Mwaka 2022 Ingas ya Mariupol na Cryoin ya Odesa zilisimamisha uzalishaji, na bei ikapaa. Viwanda vya chipu vilivumilia kwa sababu bei ilikwisha kupanda baada ya 2014, na tangu hapo leza zikarekebishwa zitumie gesi kidogo. Wengine huikusanya gesi iliyotumika, wakaondoa kwanza florini, kisha uchafu mwingine, wakapima mchanganyiko na kuurudisha kwenye leza. Kipimo kikikosewa, nishati ya mipigo huyumba siku hiyohiyo.